Karatasi ya kipimo cha mzio imetaja vyakula sita: mtoto arudishiwe kipi, na wapi?

Mama wa Pasua (Moshi)

Habari za leo wazazi wenzangu, na shikamooni wakubwa mliopo humu. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo yangu, maana nimeona kwamba katika suala la mzio maelezo mafupi ndiyo yaliyonifikisha hapa nilipo.

Nina mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi mitatu. Ana pumu ya ngozi tangu alipokuwa na miezi minne, hasa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, lakini hajawahi kubanwa na kifua. Alipokuwa na miezi kumi na moja bibi yake alimlisha kipande cha ute mweupe wa yai la kuchemsha, hakikuzidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilikuwa nimekaa karibu nao nachambua mchele, na kabla sijamaliza ungo ule midomo yake ilikuwa imevimba, mabaka mekundu yaliyoinuka yalikuwa yametapakaa kuanzia kidevuni hadi kifuani, kisha akatapika mara mbili. Tulimkimbiza kituo cha afya, akapewa dawa, na jioni alikuwa anacheza. Tangu siku hiyo hajaonja yai.

Miezi minne iliyopita ngozi ilichachamaa, tukashauriwa apimwe damu katika maabara ya binafsi. Majibu yalikuwa hivi: ute wa yai 6.8, maziwa ya ng'ombe 1.4, karanga 0.9, ngano 0.7, soya 0.5 na maharage 0.4, wakati samaki na nyama ya ng'ombe walikuwa chini ya 0.1. Kila kilichozidi 0.35 kimewekewa alama ya jumlisha na kupigiwa mstari mwekundu. Aliyenikabidhi karatasi aliniambia kwa sentensi moja tu kwamba vyote vyenye jumlisha viondolewe, nami nikaviondoa siku hiyo hiyo.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba, ukiliacha yai, vyakula vingine vitano alikuwa akivila. Mtindi alianza akiwa na miezi minane, chapati na maandazi alikuwa akila karibu kila wiki, uji wake wa lishe ulikuwa na unga wa karanga na soya ndani yake, na tukienda Kibosho kwa bibi alikuwa akila kiburu cha ndizi na maharage mpaka anaomba kuongezwa. Sikumbuki hata siku moja aliyovimba au kutapika. Sasa chakula chake ni ndizi, wali, viazi, nyama na mboga, uzito umegota kwenye kilo 10.4 kwa miezi yote minne, na kwenye kadi ya kliniki mstari wake umelala huku mistari iliyochapwa ikiendelea kupanda. Ngozi yenyewe haijapata nafuu yoyote.

Naomba kueleweshwa namba hizi zina maana gani, na kama inawezekana mtoto awe na mzio wa kitu alichokuwa akikila bila shida. Tena, nikitaka kumrudishia nianze na kipi, na nianzie nyumbani au hospitalini? Mama mkwe anasema nimpe maziwa ya mbuzi wakati nasubiri.


Baba wa Njiro (Arusha)

Pole sana dada yangu. Binti yetu ana miaka sita sasa, nasi tulipita njia hiyo hiyo, kwa hiyo nakuandikia kama mzazi na si kama mtaalamu.

Jambo ambalo sitalisahau ni namna daktari wa watoto aliyetupokea alivyoichukua karatasi yetu na kuilaza kifudifudi mezani kabla hajaisoma. Akaanza kutuuliza chakula kimoja baada ya kingine: alikila lini mara ya mwisho, kiasi gani, kibichi au kilichopikwa, alifanya nini ndani ya saa mbili baada ya kula, na je, amewahi kukila tena baada ya hapo. Mke wangu alijibu kwa karibu nusu saa. Ndipo daktari akaigeuza karatasi, akaweka alama ya kalamu pembeni ya chakula kimoja tu, karanga, kwa sababu ndicho pekee ambacho historia na kipimo vilikubaliana. Vingine vyote alisema binti alikuwa akivila salama, na kwamba kipimo kinaonyesha kuwa damu imeshatengeneza kingamwili dhidi ya chakula fulani, lakini hakionyeshi kwamba mwili utafanya fujo chakula hicho kikiliwa.

Alitueleza pia kwamba namba ikiwa kubwa, uwezekano wa kuwa na mzio wa kweli huongezeka, lakini namba haipimi ukali wa mzio wenyewe. Mtoto mwenye 2 anaweza kupata shida kubwa, na mwenye 20 akatoka na vipele vichache vya mdomoni.

Nikuonye na jambo moja. Kabla ya kufika kwa daktari huyo tulikuwa tumeshalipia kipimo kingine cha damu, cha kingamwili za IgG, kilichotuletea orodha ya vyakula zaidi ya themanini vyenye rangi ya kijani, njano na nyekundu. Daktari alituambia kingamwili hizo hutokea kwa kawaida kwa mtu yeyote anayekula chakula hicho mara kwa mara, na vyama vya wataalamu wa mzio vya Ulaya na Marekani vinashauri kipimo hicho kisitumike kabisa kutafuta mzio. Tulikuwa tumeshamnyima mtoto ndizi kwa wiki tano, na hapa kwetu mtoto asipokula ndizi anakula nini?

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, ningekuwa wewe ningempa mtindi kesho asubuhi. Alikuwa akiula, na ataula tena.


Muuguzi mstaafu (Machame)

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi wodi za watoto kwa miaka mingi. Baba wa Njiro amesema maneno mazuri kuhusu kuisoma karatasi, ila sentensi yake ya mwisho naomba usiifuate, na nitakueleza sababu kwa utaratibu.

Kwanza namba. Kipimo chako kimetafuta kingamwili za aina ya IgE, zile zinazohusika na mzio wa ghafla, na kiwango cha 0.35 unachokiona kilichukuliwa zamani kama mpaka wa mashine kuona kitu, siyo mpaka wa mtoto kuumwa. Namba ndogo kama 0.4, 0.5 na 0.7 huonekana kwa watoto wengi ambao hawana tatizo lolote na vyakula hivyo, na hasa kwa wenye pumu ya ngozi, kwa kuwa miili yao hutengeneza IgE kwa wingi. Soya, maharage na karanga ni jamii moja ya mikunde, kwa hiyo kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya kimoja inaweza kukishika kingine ndani ya kichupa cha maabara bila mtoto kudhurika akikila. Ngano nayo ni jamii ya nyasi, na chavua ya nyasi inaweza kumfanya mtu aonekane ana mzio wa ngano kwenye karatasi. Kwa mazingira yetu kuna na minyoo. Utafiti uliofanywa Ghana na kuchapishwa 2013 uliwakuta watoto wa shule wenye kingamwili za karanga kwenye damu ambao walikuwa wakila karanga bila dalili yoyote, na watafiti wakahusisha jambo hilo na maambukizi ya kichocho, kwa sababu sukari fulani zilizomo kwenye mwili wa mnyoo zinafanana na zile za kwenye karanga. Sisemi mtoto wako ana kichocho. Ninachosema ni kwamba alama ya jumlisha kwenye karatasi inaweza kuwa imeletwa na kitu kingine kabisa.

Vivyo hivyo alama ya kutoa si kibali. Kuna watoto ambao hutapika mfululizo, wakapauka na kulegea saa moja hadi nne baada ya kula chakula fulani, na damu yao ikipimwa IgE hutoka safi, kwa kuwa mzio wao haupiti njia hiyo. Wako hana historia hiyo, lakini nimeitaja kwa faida ya wengine wanaosoma.

Sasa ule mtindi wa kesho asubuhi. Kama ungeniuliza siku ile ulipokabidhiwa karatasi, ningekuambia umwache aendelee kula kila alichokuwa akila, yai tu lisiguswe. Mwili wa mtoto hujifunza kukikubali chakula kwa kukutana nacho tumboni mara kwa mara, na mtoto mwenye pumu ya ngozi na kingamwili tayari kwenye damu, ukimkatia chakula hicho kwa miezi, anaweza kuupoteza uzoevu ule. Madaktari wameona watoto waliokuwa wakinywa maziwa bila shida, wakaondolewa kwa sababu ya karatasi, na waliporudishiwa wakapata mzio wa kweli wa ghafla. Miezi minne kwa mtoto wa umri huu si muda mfupi. Hii ndiyo sababu nasema maziwa na karanga, ambavyo namba zake si ndogo kama za vingine na ambavyo vinajulikana kuleta mzio mkali, mara ya kwanza apewe mbele ya daktari na si jikoni kwako.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo ulithibitishwa London, katika utafiti uliochapishwa 2015. Watoto wachanga 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai waligawanywa, wengine wakalishwa karanga mapema na kwa uthabiti, wengine wakakatazwa. Walipofika miaka mitano, waliokatazwa ndio waliokuwa na mzio wa karanga kwa wingi zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa mno. Uji wako wa lishe, mwanangu, ulikuwa unamsaidia.

Nenda kwa daktari wa watoto na mambo matatu yaliyoandikwa: historia ya kila chakula kama alivyoeleza Baba wa Njiro, karatasi ya maabara, na kadi ya kliniki. Kadi usiisahau, kwa sababu uzito uliogota kwa miezi minne ni ugonjwa unaotakiwa kushughulikiwa kwa haraka kama mzio wenyewe. Moshi mna bahati, kwa kuwa kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo hapo hapo kwenye hospitali ya KCMC tangu 1992, na pumu ya ngozi inahitaji kutibiwa kama pumu ya ngozi, kwa mafuta ya kulainisha kila siku na dawa ya kupaka pale inapochachamaa, badala ya kuendelea kutafuta chakula cha kulaumu. Kwa uzoefu wangu, ngozi ikitulia nusu ya wasiwasi wa mama kuhusu chakula huondoka.

Daktari akiamua mtoto ajaribiwe hospitalini, mtafika asubuhi mtoto akiwa mzima, hana homa wala mafua, na dawa za kuzuia mwasho kama setirizini au Piriton zikiwa zimesimamishwa kwa siku kadhaa atakazokuambia, maana zinaweza kuficha dalili za mwanzo. Atapewa chembe kidogo sana ya chakula, watasubiri dakika kumi na tano hadi thelathini, kisha zaidi kidogo, kisha zaidi, mpaka afikie kiasi ambacho mtoto wa umri wake hula kwa kawaida. Baada ya hapo mtakaa si chini ya saa moja au mbili akiangaliwa. Hiki ndicho kipimo chenye neno la mwisho kuhusu mzio wa chakula, na vingine vyote, vya damu na vya ngozi, ni vya kutusaidia kuamua nani ajaribiwe na wapi.

Ngano, soya na maharage natarajia atakuruhusu kuvirudisha nyumbani, kimoja kimoja, lakini mwachie yeye aseme.


Mama wa Sakina (Arusha)

Nina machache tu ya kuongeza.

La kwanza ni maziwa ya mbuzi. Mimi pia nilishauriwa hivyo na watu wenye nia njema, na mwanangu ambaye ana mzio wa kweli wa maziwa ya ng'ombe alivimba uso kwa vijiko vitatu vya maziwa ya mbuzi. Protini za maziwa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo zinafanana kiasi kwamba watoto walio wengi wenye mzio wa moja hushindwa na mengine. Kuyachemsha hakusaidii sana, kwa sababu protini kuu ya maziwa inastahimili moto, na kuyagandisha kuwa mtindi hakuiondoi. Kwa hiyo mpaka daktari aseme, mheshimu mama mkwe kwa maneno mazuri lakini kikombe kikae mbali na mtoto. Tafadhali usichanganye na tatizo la sukari ya maziwa, ambalo huleta gesi na kuharisha lakini halivimbishi mdomo wala halihusiani na IgE.

La pili ni unga. Ukirudi kwenye uji wa lishe, usinunue ule uliochanganywa tayari wakati bado unarudisha vyakula kimoja kimoja, kwa sababu ndani yake mara nyingi kuna karanga, soya, ngano, na wakati mwingine dagaa, na mtoto akipata vipele hutajua umlaumu nani. Mimi hupeleka mashineni ulezi wangu mwenyewe nikiwa nimeuosha na kuuanika, na huenda asubuhi kabla hawajasaga kitu kingine. Siku moja nilichelewa, nikamkuta mteja mbele yangu akisagiwa karanga na mahindi. Nilisimama nikiangalia unga wangu wa ulezi ukitoka kwenye mdomo wa mashine, kilo ya kwanza ukiwa na weupe na harufu ya karanga kabisa, hata mkononi ulikuwa unateleza kwa mafuta. Kwa mtoto wako ambaye huenda hana mzio wa karanga si hatari kubwa, lakini kwa aliye nao, mashine ya mtaani ni mahali pa kuulizia kwa sauti.


Mama wa Pasua (Moshi)

Shikamoo mama muuguzi, na asanteni nyote. Nimepata miadi ya daktari wa watoto wiki ijayo, na nimeshaandika historia ya kila chakula kwenye daftari, jambo ambalo lenyewe limenifungua macho.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kuhusu yai, nimesikia kuna watoto wanaoanzishiwa yai lililo ndani ya keki au andazi. Je, naweza kumpa andazi lenye yai moja katika kilo nzima ya unga, ambapo yai lenyewe halionekani? La pili, likitokea la kutokea nikiwa nyumbani, nifanye nini kwanza? Siku ile ya yai tulipoteza dakika nyingi tukitafuta maziwa ya kumnywesha ili atapike sumu.


Muuguzi mstaafu (Machame)

Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali yanayostahili.

Andazi lenye yai usimpe. Nieleze kwa nini keki na andazi si kitu kimoja, kwa kuwa mama wengi hujikwaa hapo. Ndani ya ute wa yai kuna protini kadhaa. Ile iliyo nyingi zaidi huvunjwa umbo na moto wa muda mrefu, na ukichanganya na unga wa ngano hufungwa humo na kuwa ngumu kwa mwili kuitambua. Nyingine, ijapokuwa ni kidogo, hustahimili moto sana, na watoto wenye kingamwili dhidi ya hiyo ndio wanaoendelea kupata shida hata kwa keki. Wataalamu wanapojaribu yai la kuoka hutumia keki ndogo iliyokaa kwenye oveni yenye joto la takriban nyuzi 180 kwa dakika thelathini hivi, na kipimo cha yai ndani yake kinajulikana, kwa mfano mayai mawili kwa keki ndogo sita. Andazi linakaa kwenye mafuta dakika chache tu, nje limekauka na katikati bado laini, na huwezi kujua yai limekolea upande gani wa donge. Chapati za mayai ziko mbali zaidi, na chipsi mayai ziko mwisho kabisa wa ngazi, karibu na yai lenyewe. Rangi ya kiini haina uhusiano na jambo hili, kwa hiyo mtu akikuambia yai la kienyeji halina madhara, usikubali.

Watoto karibu saba kati ya kumi wenye mzio wa yai huweza kula yai lililookwa kwa namna hiyo, na wakilila mara kwa mara wengi wao baadaye hulikubali hata lililochemshwa. Wengi pia huachwa na mzio wa yai na wa maziwa kadiri wanavyokua, tofauti na mzio wa karanga ambao huachana na mtoto mmoja hivi kati ya watano. Kwa hiyo 6.8 ya leo si hukumu ya maisha, na daktari atataka kuipima tena baada ya miezi sita hadi mwaka aone kama inashuka. Lakini mtoto wako alivimba na kutapika kwa pamoja, yaani sehemu mbili za mwili zilihusika, na mtoto wa namna hiyo jaribio lake la kwanza la keki ni la hospitalini.

Kuhusu dharura, maziwa hayasaidii, na kumtapisha mtoto ni hatari. Mabaka ya ngozi peke yake, mtoto akiwa anapumua vizuri na anacheza, dawa ya kuzuia mwasho aliyoandikiwa inatosha huku mkimwangalia kwa makini. Ila akianza kukohoa mfululizo, kukoroma, sauti kukauka, kupumua kwa shida, kulegea, kupauka, au kutapika mara kwa mara pamoja na mabaka, hiyo ni hali ya kuhatarisha maisha, na dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtoto wako ni kama miligramu 0.1. Setirizini haiwezi kuchukua nafasi yake, na ndiyo kosa ninaloliona zaidi, watu wananywesha dawa ya mwasho na kukaa kusubiri. Mlaze chali, miguu ikiinuliwa kidogo, isipokuwa kama anapumua kwa shida, hapo mwache akae anavyopata nafuu, na anayetapika alazwe ubavu. Usimbebe wima begani ukikimbia naye. Wiki hii, kabla hujahitaji, nenda kwenye kituo kilicho karibu na nyumbani ukaulize kama wana adrenalini, iko wapi, na kama usiku kuna mtu wa kuichoma. Pia mwombe daktari wako akuandikie mpango wa dharura kwenye karatasi moja, nakala moja ibaki kwa bibi Kibosho.


Mama wa Pasua (Moshi)

Zimepita wiki saba, na niliahidi nafsi yangu kurudi hapa.

Daktari alisoma daftari kabla ya karatasi. Alisema ngano, soya na maharage nivirudishe nyumbani, kimoja kwa siku tatu mfululizo, asubuhi ili mchana kutwa nimwangalie, nikianza na kijiko cha chai. Nilianza na chapati, kipande cha ukubwa wa kidole, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka kuliko yake. Hakuna kilichotokea. Maharage na soya vivyo hivyo.

Maziwa alipewa hospitalini. Alianza na mtindi uliochovywa kwa ncha ya kijiko, na saa mbili na nusu baadaye alikuwa amemaliza kikombe kidogo na kulala mapajani kwangu. Karanga ndiyo iliyotutia wasiwasi, kwa kuwa baada ya dozi ya pili alitokwa na vidoa vitatu kidevuni pale siagi ya karanga ilipomgusa. Daktari alimfuta, akasubiri nusu saa badala ya dakika kumi na tano, akamkagua kifua na tumbo, kisha akaendelea. Vidoa vilifutika vyenyewe, na dozi nne zilizofuata hazikuleta kitu. Ametuagiza ale karanga na maziwa angalau mara tatu kwa wiki bila kukatisha, ili mwili usisahau.

Yai bado. Alipochomwa kipimo cha ngozi cha yai uvimbe ulifika milimita 8, na mpaka wa kuhesabika ni milimita 3, hivyo daktari amesema tusubiri mpaka ngozi itulie na uzito urudi, kisha apimwe tena damu kabla ya jaribio la keki. Ngozi imeanza kutulia kwa mafuta ya kila siku. Wiki iliyopita kliniki uzito ulikuwa kilo 11.1.

Kituo cha karibu na kwetu hakikuwa na adrenalini siku niliyouliza, nikaenda cha pili, ambacho wanayo na muuguzi wa zamu alinionyesha kabati lenyewe. Sasa nyumba nzima inajua ni kile cha pili tunachokwenda, hata kama ni mbali kidogo. Bibi naye ameibandika nakala ya mpango wa dharura ndani ya mlango wa jiko, na kikapu cha mayai amekihamishia juu ya kabati. Baada ya jaribio la keki nitaandika hapa hapa, hata kama majibu hayatakuwa tunayoyatamani.